Tumekodi graveli Podlasie siku tano: baiskeli kali, ramani imetumwagia mchanga

Nianze na namba maana najua ndo mnachotaka: siku tano, kilomita 332 kwenye kidude cha usukani, zloti (hela ya Poland) 140 kwa siku kwa kila baiskeli pamoja na mikoba yake, pancha moja, kupe wawili, na mchanga sijui niupime kwa kilo au kwa debe.

Podlasie ni kaskazini mashariki ya Poland, kule ukizidi kwenda unagonga Belarus. Tulikuwa wawili, mimi na jamaa yangu wa Mombasa tunayefanya naye kazi Warszawa, na tulikodi kwenye kiduka kimoja Białystok mjini, jina naliacha kwa sababu kuna lawama mbele na yule baba mwenyewe sio mtu mbaya. Anachouza ni hivi: anakupa baiskeli ya graveli, yaani ya njia za vumbi na changarawe, helmeti, mikoba ya kufunga kwenye fremu, pampu, tyubu mbili za akiba, na faili la njia unaloliweka kwenye simu unalifuata mwenyewe. Hakuna mwongozaji, hakuna gari la kubeba mabegi. Unalala unapojua wewe.

Kwa nini Podlasie na sio milimani kama watu wengine? Mimi ni mtoto wa Tengeru. Mliokulia Arusha mnayajua yale makaburi ya Wapolandi. Wakati wa vita ya pili kulikuwa na kambi pale, watu kama 5,000, wengi akina mama na watoto, Wasovieti waliwatoa mashariki ya Poland mwaka 1940 na 41 wakawatupa Siberia huko, baadaye wakaachiwa, wakashukia Uajemi, wakaja kuishia chini ya Mlima Meru kwenye vijumba vya msonge vya udongo na nyasi. Bibi yangu alikuwa anatuhadithia wale mama walivyokuwa wananunua ndizi kwa vidole, kidole kimoja mkungu mmoja, mpaka wakajua Kiswahili cha sokoni. Kwa hiyo siku zote nilikuwa na hamu ya kuona mashariki ya Poland kukoje. Na kwa bahati Białystok kuna Makumbusho ya Sybir, yaani Siberia, imefunguliwa 2021 kando ya reli ambako yale matreni ya kuhamishia watu yalikuwa yanaondokea, tukaingia Jumatano mchana kabla ya kwenda kuchukua baiskeli. Jamaa yangu alitoka kimya kabisa, na huyu ni mtu wa kuongea hata akiwa usingizini.

Haya, baiskeli. Hapa sina neno. Fremu ya alumini, gia moja mbele kumi na moja nyuma, breki za diski za mafuta, zinashika hata ukiwa na mzigo kwenye mteremko wa mawe. Cheni mpya, siti ngumu kidogo ila siku ya pili makalio yanazoea, na baba mwenye duka alitupima urefu akarekebisha siti na usukani bila haraka, robo saa kwa kila mtu, sehemu nyingine nimekodi wanakusukumia tu baiskeli kama wanakupa toroli. Kitu kimoja tu: tairi zilikuwa milimita 38. Niliuliza kama hana pana zaidi akasema zinatosha, njia yote ni changarawe nzuri. Shikeni hilo neno, njia yote ni changarawe nzuri.

Alhamisi ilikuwa Boże Ciało, ile sikukuu ya Ekaristi, Poland nzima mapumziko. Tukaenda Tykocin, kama kilomita 35 hivi magharibi ukizungukazunguka mashambani, njia safi, lami kidogo vumbi kidogo, na korongo kila mahali. Hawa ndege weupe wenye midomo mirefu myekundu wanajenga viota juu ya nguzo za umeme na mapaa, kiota kama tairi la trekta, na pale Pentowo karibu na Tykocin kuna shamba zima wameliita kijiji cha korongo. Hawa ndo wale wale tunaowaona kwetu mbugani mwanzoni mwa mwaka, wanaruka kupitia Uturuki na mto Nile mpaka Afrika Mashariki wengine wanaendelea hadi kusini, wanarudi huku mwezi wa tatu wa nne kuzaa. Nikamwambia jamaa wenzetu hawa hawaombi viza.

Tykocin yenyewe ni mji mdogo sana, unaumaliza kwa dakika kumi, ila usiumalize kwa dakika kumi. Upande mmoja kanisa kubwa la Kikatoliki la karne ya 18 na uwanja wenye sanamu ya jenerali Czarniecki ya mwaka 1763, upande wa pili sinagogi la 1642, nene kama boma, ndani kuta zimeandikwa sala kuanzia chini mpaka juu. Wayahudi waliishi hapa tangu 1522. Tarehe 25 na 26 Agosti 1941 Wajerumani wakawatoa karibu wote, wakawapeleka msitu wa Łopuchowo kilomita chache tu nje ya mji, wakawapiga risasi. Njia ya kwenda kule ni ya baiskeli kabisa, misonobari mirefu, kivuli, ndege, na ukifika kuna mashimo matatu yamezungushiwa uzio na mawe yamewekwa juu juu. Faili la yule baba halikupita huko. Mimi niliongeza mwenyewe na nakushauri uongeze.

Mjini maandamano yalikuwa yanapita, padri chini ya kitambaa, watoto wa kike na magauni meupe wanamwaga maua barabarani, sisi tumesimama pembeni na helmeti mkononi, kumbe kila duka limefungwa. Kila duka. Huku sikukuu maduka yanafungwa kwa sheria, na Jumapili nyingi pia tangu 2018, isipokuwa vile vidogo ambavyo mwenye duka mwenyewe ndo yuko kaunta. Tulikuwa na ndizi mbili na karanga. Mama mmoja mwenye mahali pa kula karibu na mto Narew akatupa supu na viazi akatuokoa, ila foleni ilikuwa saa nzima. Mwenye duka la baiskeli angetuambia sentensi moja tu, "kesho hamtapata duka", tungebeba mikate. Hiyo lawama ya kwanza na ni ndogo.

Ijumaa ndo lawama kubwa.

Mpango: Białystok kwenda Supraśl, halafu kukatiza msitu wa Knyszyn mpaka Krynki, halafu Kruszyniany kulala. Kruszyniany ni kijiji cha Watatari, Waislamu waliopewa ardhi na mfalme Jan III Sobieski mwaka 1679 kwa sababu walimpigania na hazina haikuwa na hela ya kuwalipa, na msikiti wao wa mbao bado upo. Jamaa yangu wa Mombasa alikuwa na jambo moja tu safari nzima hii, kuswali adhuhuri Kruszyniany siku ya Ijumaa. Basi. Hakutaka nyati, hakutaka korongo.

Tukaondoka saa moja asubuhi. Supraśl tulifika mapema, kuna monasteri ya Kiorthodoksi pale na kanisa lenye minara ya kujihami kama ngome, Wajerumani walililipua 1944 wakati wanakimbia, wamelijenga upya. Makumbusho ya ikoni, zile picha takatifu za Kiorthodoksi, iko humo humo uani. Tukapiga picha, mimi nikala babka ya viazi, ni viazi vimekunwa vikaokwa, ila mara nyingi inawekwa nyama ya nguruwe kwa hiyo mwenzangu akala keki. Saa tatu na nusu tuko msituni tunaimba.

Saa nne mchanga ukaanza. Sio ule mchanga wa kuteleza kidogo halafu unapita, ni mchanga wa kuzama rimu. Unapedali tairi ya mbele inaenda inakotaka, unashuka, unasukuma mita mia, unapanda, mita hamsini, unashuka. Tukasema ni kipande tu. Kilomita tatu. Ikaja changarawe nzuri kweli ya kukimbia, tukafurahi, halafu faili likatukunja kushoto tena kwenye mchanga mwingine. Jamaa akasimamisha baiskeli akaniangalia, "Yakhe, hii si njia, huu ni ufuo wa Nyali umekosa bahari tu."

Baadaye nilielewa tatizo. Ardhi ya huku ni mchanga ulioachwa na barafu za zamani, ndo maana misonobari imejaa, msonobari hauna shida na mchanga. Njia za msituni zinapitwa na malori ya magogo yanazivuruga, na mwezi wa sita kama mvua haijanyesha wiki mbili unga wote unakuwa juu. Ikinyesha unashikana na unapita vizuri tu. Sasa kwenye ramani ya kompyuta njia ya changarawe iliyoshindiliwa na njia ya mchanga zote ni mstari ule ule mwembamba, mtu akichora faili akiwa amekaa kwenye kiti anaona msitu, anaona mstari, anachora. Nina uhakika huyu baba hiki kipande hakukipita kiangazi. Au alikipita na tairi za milimita 50, maana ukiwa na tairi pana ukapunguza upepo unaelea. Sisi tulipunguza upepo mpaka zile 38 zikaanza kugonga rimu kwenye mizizi, na ndo tukapata ile pancha moja.

Krynki tulifika saa tisa kasoro tumekuwa rangi moja na barabara. Mji una uwanja wa pembe sita na barabara 12 zinatoka hapo kama njiti za gurudumu, kitu kizuri sana ukiwa umeshiba, ukiwa umechoka unazunguka mara mbili unatafuta ya Kruszyniany. Tukafika msikitini saa kumi na moja jioni. Adhuhuri imekwenda.

Msikiti ni mdogo, wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, una minara miwili na ukiuona kwa mbali unadhani ni kanisa la kijijini mpaka uone mwezi juu. Anayewapokea wageni alikuwa anakaribia kufunga. Jamaa yangu akavua helmeti, nywele zimejaa mchanga, akamtolea salamu, na yule mzee akaitika kwa Kiarabu chenye lafudhi ya Kipolandi halafu akamuuliza anatoka wapi. Mombasa, Kenya. Mzee akamuonyesha pa kutawadhia, akatuacha. Akaswali alasiri peke yake, mimi nikakaa nje na viatu vya wote wawili namwaga mchanga. Alipotoka hakusema kitu kuhusu adhuhuri, akaniambia tu ndani kuna zulia na maandishi ukutani na panafanana na nyumbani kwa bibi yake. Ila njiani kuelekea tunakolala akasema, "Yule mtu wa baiskeli nitazungumza naye mimi."

Jioni tukala pierekaczewnik, ni mkate wa tabaka tabaka wa chapati nyembamba umezungushwa kama konokono na nyama ndani, ukila ya kondoo utafikiri kuna mtu wa Lamu jikoni. Nyuma ya msikiti kuna makaburi yao ya zamani msituni. Kijiji kingine cha Watatari kinaitwa Bohoniki, huko wamezikwa pia baadhi ya wahamiaji waliokufa kwenye huu mpaka tangu 2021, Watatari ndo waliwazika.

Hapa niseme la mpaka maana ni la muhimu kwa mtu anayefanana na sisi. Poland imejenga ukuta wa chuma wa mita 5 na nusu upande wa Belarus, ulikamilika 2022, na Juni 2024 waliweka ukanda wa marufuku kando ya sehemu ya mpaka, kwa kawaida mita 200 ila kuna mahali ulifika kilomita mbili hivi. Angalieni ramani mpya kabla ya kutoka, mabadiliko yapo. Tulisimamishwa mara mbili na doria, pasipoti, kadi ya ukaazi, mnatoka wapi mnaenda wapi, dakika tano, kwa adabu, mmoja akatuuliza tairi milimita ngapi akatikisa kichwa. Bebeni karatasi zenu halisi, sio picha kwenye simu. Na data mzime au mfunge simu isichague mtandao yenyewe, karibu na mpaka inarukia mtandao wa Belarus na bili yake utalia.

Jumamosi tukaliacha faili. Kabisa. Tukafuata alama za machungwa za Green Velo kila tulipozipata, hiyo ni njia kubwa ya baiskeli ya mashariki ya Poland, kama kilomita 2,000 kwenye mikoa mitano, ilifunguliwa 2015. Watu wa graveli wanaidharau eti ina lami nyingi. Ina lami ndiyo, ila ina vibanda vya kupumzikia vyenye paa, benchi, mahali pa kuegesha baiskeli na ramani, na lami yake ni ya vijijini, gari moja kwa nusu saa. Ukichanganya nayo na changarawe za msituni unapata siku nzuri sana. Barabara iliyonisumbua ni ile ya mawe ya zamani, Wapolandi wanaiita vichwa vya paka, meno yanagongana, siri yake ni kupanda kwenye kile kikingo cha vumbi pembeni.

Halafu Białowieża. Jamani. Huu ndo msitu wa tambarare wa asili mkubwa uliobaki Ulaya, urithi wa dunia tangu 1979, na ukiingia kutoka Narewka joto linashuka kama umefungua friji. Njia zimenyooka kama rula kwa sababu karne ya 19 waliugawa msitu kwa miraba ya versti moja, kama kilomita 1.07, kwa hiyo bila hata saa unajua umeenda ngapi. Kila njia panda kuna kinguzo cha jiwe chenye namba nne za miraba, na ile pembe iliyo kati ya namba mbili ndogo inaelekea kaskazini. Baada ya kulijua hilo sikutoa simu tena mpaka jioni. Changarawe humu imeshindiliwa, tairi zinaimba, unaenda kilomita 25 kwa saa hata hutoki jasho.

Sehemu yenye ulinzi mkali huingii na baiskeli, unaingia kwa miguu na mwongozaji mwenye leseni. Tulifanya Jumapili asubuhi, masaa matatu mazima, na ilikuwa hela bora kuliko zote za safari. Miti iliyoanguka inaachwa hapo hapo ioze, uyoga, wadudu, vigogota, kila gogo ni mtaa. Mwongozaji alitueleza ule ugomvi wa kukata miti wa 2016 hadi 2018 mpaka mahakama ya Ulaya ikasema serikali imevunja sheria. Nyati wa Ulaya je? Wa mwisho wa porini hapa aliuawa 1919, wakawazalisha upya kutoka bustani za wanyama, wakaanza kuwaachia msituni 1952. Sisi wa porini tuliona mavi yake tu, mabichi. Wenyewe tuliwaona kwenye hifadhi ya maonyesho nyuma ya uzio wanakula majani kama ng'ombe wa jirani, na mimi mtoto wa nchi yenye Serengeti nikajikaza nisiseme kitu.

Kupe wawili nilowataja niliwatoa hapo Białowieża, mmoja nyuma ya goti. Huku sio mchezo, wanaleta homa ya ubongo, na Podlasie ni kati ya mikoa yenye wagonjwa wengi zaidi Poland. Chanjo ipo, sindano tatu, anza mapema maana nafasi kati yake ni ndefu. Soksi ndefu, na kila jioni mkaguane.

Jumatatu kutoka Hajnówka kurudi Białystok pengine ndo kipande kizuri kuliko vyote na hakiandikwi sana. Hajnówka nunua marcinek, keki ya tabaka nyembamba nyingi na krimu chachu, inakaa mkobani bila kuharibika mpaka utakapoila, kwetu ilikaa kilomita nane. Halafu vijiji vya Trześcianka, Puchły na Soce, nyumba za mbao zimepakwa njano na bluu, madirisha yana mbao zimechongwa maua na ndege kama milango ya Lamu ila za rangi. Kanisa la Trześcianka kijani, la Puchły bluu ya mbingu. Bibi mmoja kwenye benchi alituita akatupa maji ya tunda la kupikwa, akauliza tunatoka wapi, nikamwambia Tanzania, Tengeru. Hakulijua jina. Nikamweleza kwa Kipolandi changu cha kuokoteza, akasikiliza mpaka mwisho, akaniongezea glasi.

Tukarudisha baiskeli saa kumi na moja jioni. Baba mwenye duka akainama akaangalia cheni, akapitisha kidole, akasema zloti 60 za kusafisha kila baiskeli, imejaa mchanga. Jamaa yangu alikuwa anasubiri hiyo sentensi tangu Ijumaa. Hakupaza sauti, akamwambia kwa Kiingereza taratibu kabisa, mzee wangu, huu mchanga ni wako, wewe ndo ulituelekeza ulipo. Akamweleza na adhuhuri.

Yule baba akakaa kimya kidogo, akafuta ile 60 kwenye karatasi, akafungua kompyuta, akatuomba tukae. Tukakaa naye karibu saa nzima tunamwekea alama nyekundu kwenye faili lake kila tulipozama. Zilifika kumi na moja. Mwezi uliofuata alinitumia faili jipya, linapita barabara ya vumbi ya kaskazini zaidi mpaka Krynki, na kwenye orodha yake ya kukodi sasa ameongeza tairi za milimita 47 kwa bei ile ile. Lile faili jipya bado sijalipanda.